Maikrowevu Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayenunua maikrowevu kwa mara ya kwanza huiogopa kwa sababu ya mionzi. Baada ya wiki mbili anaizoea, akaacha kuogopa chochote, na hapo ndipo mambo huharibika. Kwa miaka niliyokaa na kifaa hiki jikoni sijaona aliyedhurika na mionzi. Nimeona walioungua midomo na vidole, walioumwa tumbo kwa kiporo kilichopashwa nusunusu, na mimi mwenyewe nimelipua yai. Kwa hiyo suala la mionzi nitalimaliza mapema, kisha tukae kwenye joto.

Maikrowevu inapashaje chakula bila moto?

Ndani yake kuna kifaa kiitwacho magnetroni, kinachogeuza umeme kuwa mawimbi ya jamii moja na ya redio. Mawimbi hayo hutetema mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, hivyo kila wimbi linapogeuka nayo hutaka kugeuka. Molekuli zikigeukageuka kwa kasi hiyo husukumana na kugongana, na matokeo yake ni joto. Mafuta na sukari navyo hupata joto, ila maji ndiyo yanayofanya kazi kubwa.

Shika mambo mawili hapa. Sahani ya kioo haina maji, kwa hiyo ikiwa ya moto mara nyingi ni kwa sababu imebeba chakula cha moto. Na wale wasemao maikrowevu hupika kuanzia ndani kuja nje wamekosea. Mawimbi huingia kwenye chakula sentimita moja hadi mbili na nusu hivi, yakaishia hapo. Katikati ya pande nene la nyama hungoja joto lisafiri kutoka nje, kama ilivyo kwenye sufuria.

Mionzi yake haileti saratani?

Neno lenyewe ndilo linalotisha. Mwanga wa taa nao ni mionzi. Mionzi inayoharibu chembe za urithi ni ile yenye nguvu ya kuvunja molekuli, kama eksirei. Mawimbi ya maikrowevu hayana nguvu hiyo; kazi yake ni kupasha tu. Yakikupata mengi yatakuunguza, ndiyo maana yamefungiwa ndani ya sanduku la chuma. Wavu unaouona kwenye kioo cha mlango una matundu ya milimita moja au mbili, ilhali wimbi lina urefu wa sentimita 12 hivi, kwa hiyo halipenyi. Mwanga, ambao mawimbi yake ni mafupi mno, hupita, nawe ukaona chakula kikizunguka.

Nchini Marekani sheria inataka uvujaji usizidi miliwati 5 kwa sentimita moja ya mraba, ukipimwa sentimita 5 hivi kutoka kwenye kifaa, kwa maisha yake yote. Ukisogea nyuma kidogo, kiasi hicho hupungua upesi. Mlango ukifunguliwa, magnetroni huzimika papo hapo, wala hakuna kinachosalia ndani ya chakula: ukizima taa, mwanga haubaki umenata ukutani.

Cha kuangalia ni mlango. Bawaba zikilegea, mlango ukipinda, kioo kikipata ufa au kingo zikiliwa na kutu, acha kuitumia. Na usihangaike na ule mtihani wa kuweka simu ndani na kuipigia. Simu hunasa mawimbi hafifu mno, tena mengi si ya masafa ya maikrowevu. Ikiita, hujathibitisha kwamba kifaa kinavuja, na isipoita, hujathibitisha kwamba ni salama.

Na virutubisho?

Baadhi hupungua, kama katika upishi wowote. Vitamini C huharibiwa na joto na huyeyukia kwenye maji, hivyo mboga iliyoiva upesi kwa maji kidogo hubaki nayo zaidi ya ile iliyotokoswa na maji yake yakamwagwa. Kwa hili maikrowevu inaonewa.

Mbona kiporo huunguza pembeni, katikati kikabaki cha baridi?

Mawimbi hugonga kuta za chuma, hurudi, na hukutana na mengine yanayokuja. Yakikutana yakaongezana, mahali hapo huwa pa moto sana. Yakikutana yakafutana, pamepoa. Ukitaka kuyaona mabaka hayo kwa macho yako, ondoa kile kinachozungusha sahani, tandaza vipande vya chokoleti kwenye sahani pana isiyozunguka, kisha washa sekunde 20 hivi. Chokoleti itayeyuka kwa madoadoa, na kutoka doa hadi doa utapima kama sentimita 6, yaani nusu ya urefu wa wimbi. (Jaribio hili lifanye watoto wakiwepo. Ushahidi wote utaliwa.) Sahani huzungushwa ili chakula kipite kwenye mabaka yote, lakini kile kilicho katikati kabisa huzunguka palepale kilipo, na kama hapo pamepoa, kimepoa.

Basi usirundike chakula kama kichuguu. Kitandaze, uache uwazi katikati kiwe kama pete. Vipande vinene vikae upande wa nje, vyembamba vielekee ndani. Kikiwa kikavu kinyunyizie kijiko kimoja au viwili vya maji, kisha kifunike huku ukiacha mwanya mdogo, maana mvuke ukibaki juu ya chakula husawazisha joto kuliko mawimbi yanavyoweza. Muda ukifika nusu, simamisha, koroga mpaka chini, rudisha. Kikishaiva kiache kitulie dakika moja hadi tatu kikiwa bado kimefunikwa. Wengi hawana subira ya dakika hizo, na ndizo ambazo joto la pembeni husafiri kuingia katikati bila kuunguza kitu.

Mwenye kipimajoto cha chakula akichomeke sehemu tatu au nne, si moja. Kiporo kifike nyuzijoto 74 za sentigredi kila mahali. Asiye nacho atazame mvuke ukifuka kutoka katikati. Mvuke wa pembeni hauna maana yoyote.

Kile kitufe cha asilimia kina kazi gani? Mimi sijawahi kukigusa.

Wengi hawajakigusa, na nusu ya malalamiko ninayosikia yangeisha kama wangekigusa. Katika maikrowevu nyingi mawimbi hayapungui. Ukichagua asilimia 50, magnetroni huwaka kwa nguvu zote kwa sekunde kadhaa, huzima sekunde kadhaa, huwaka tena. Tega sikio utasikia mlio ukibadilika. Zile zenye inveta, yaani kifaa cha kielektroniki kinachorekebisha umeme unaokwenda kwenye magnetroni, ndizo zinazopunguza nguvu kweli. Kwa vyovyote vile unakipa chakula nafasi ya kusambaza joto.

Maji na supu nyepesi vinastahimili asilimia 100. Nyama, mchuzi mzito, chochote chenye jibini au maziwa, nenda na 50 hadi 70. Siagi na chokoleti, 30 hadi 50, ukikoroga kila baada ya sekunde 20 au 30.

Pakiti inasema dakika 4 kwa wati 1,000. Yangu ni wati 700.

Zidisha muda kwa wati za pakiti, kisha gawanya kwa wati zako. Dakika 4 mara 1,000 gawanya kwa 700 ni dakika 5 na sekunde 40 na kitu. Mimi ningesimamisha kwenye dakika ya 5 nikatazama kwanza. Kilichopungua muda utakirudisha, kilichoungua hakirudi.

Wati zake nitazijuaje?

Tazama kibandiko cha nyuma au cha pembeni mwa mlango. Mara nyingi utakuta namba mbili: kubwa ni umeme inaovuta ukutani, ndogo ni nguvu inayofika kwenye chakula. Inayopika kwa wati 800 huvuta 1,200 hivi. Namba ya kupigia hesabu ni hiyo ndogo.

Kibandiko kikiwa kimefutika, pima mwenyewe. Tia lita moja ya maji ya bomba kwenye bakuli la kioo, koroga, pima joto lake. Washa kwa nguvu zote dakika 2 kamili, koroga, pima tena. Nyuzi zilizoongezeka zizidishe kwa 35. Maji yakitoka nyuzi 20 hadi 42, ongezeko ni 22, na maikrowevu yako ni ya wati 770. Ukirudia jaribio baada ya miaka michache ukakuta namba imeshuka sana, magnetroni imechoka, au umeme unaokufikia ni mdogo.

Vyombo gani vinafaa?

Jibu fupi: kioo kinene cha kupikia, na kauri isiyo na urembo wa rangi ya dhahabu au fedha. Ukiishi na hivyo viwili huhitaji kusoma zaidi.

Chombo cha udongo au kauri usichokijua hujaribiwa hivi: kiweke ndani kikiwa kitupu, pembeni yake weka kikombe cha kioo chenye maji, washa dakika moja. Maji yakipata moto na chombo kikabaki cha baridi, kinafaa. Chombo kikiwa cha moto, kina kitu kinachonyonya mawimbi, mara nyingi maji yaliyopenya kwenye udongo. Siku moja kitapasuka au kitakuunguza mkono. Jaribio hili halihusu plastiki wala chuma.

Plastiki ina maneno mengi. Iliyoandikwa kuwa ni ya maikrowevu, au yenye alama ya mawimbi, maana yake haitapinda wala kuyeyuka kwa matumizi ya kawaida. Maana hiyo haiendi mbali zaidi ya hapo. Chakula chenye mafuta au sukari nyingi huweza kupita nyuzi 100, plastiki ikalainika, na kadiri inavyolainika ndivyo kemikali zake zinavyohamia kwenye chakula kwa urahisi. Namba 5 chini ya chombo, yaani polipropilini, hustahimili joto kuliko nyingi. Namba 6, jamii ya yale masanduku ya povu, haistahimili. Makopo ya mtindi na siagi yalitengenezwa kwa ajili ya friji. Sahani za melamini, zile ngumu zisizovunjika, nazo zibaki mezani. Mfuko mwembamba wa kufunikia usiguse chakula. Mimi nimeacha kusoma namba: nahamishia kila kitu kwenye bakuli la kioo, kazi ya sekunde kumi.

Karatasi nyeupe za jikoni zinafaa kwa dakika chache. Gazeti, au mfuko wa kahawia uliotengenezwa kwa karatasi zilizorejelewa, hapana. Huweza kuwa na vipande vya chuma visivyoonekana, na huwaka moto.

Kama kuta zake ni za chuma, kwa nini kijiko kisiingie?

Swali zuri. Chuma chenyewe hurudisha mawimbi, hakiyanyonyi. Tatizo ni ncha na kingo nyembamba, ambako umeme hujikusanya mpaka ukaruka hewani kama cheche. Uma wenye meno manne ni mbaya kuliko kijiko cha mviringo, na foili iliyokunjamana ni mbaya kuliko uma. Hata ule mstari wa dhahabu kwenye ukingo wa sahani hutosha. Nilipoteza sahani nzuri kwa namna hiyo, mstari wote ukageuka mweusi ndani ya sekunde tatu. Baadhi ya vitabu vya maelekezo huruhusu rafu ya chuma iliyokuja na kifaa chenyewe. Hiyo imepimwa, vijiko vyako havijapimwa.

Je, naweza kupasha yai la kuchemsha?

Kwamba yai lenye ganda hulipuka, wengi wanajua. Mimi nilikuwa najua, nikajiona mjanja, nikalimenya kwanza. Likatoka zima, limetulia kwenye sahani, nikalichoma kwa uma. Kiini kilifika kwenye dari. Bahati yangu nilikuwa sijainamisha uso.

Ndani ya kiini kuna matone ya maji yaliyobanwa, ambayo hupita joto la kuchemka bila kupata pa kutokea. Ukiyafungulia mlango kwa uma au kwa jino, yote hugeuka mvuke kwa mpigo. Kwa hiyo yai la kuchemsha likate vipande kabla ya kulipasha, au ulile likiwa baridi. Vilevile viazi vyenye maganda, soseji, nyanya nzima na maini vichome kwa uma sehemu kadhaa kabla havijaingia.

Maji yalikuwa yametulia kabisa. Nilipotia majani ya chai yakanirukia. Ilikuwaje?

Pole. Hili ndilo ningependa kila mtu alijue kabla ya mengine yote.

Kwenye jiko, mapovu ya kwanza huzaliwa chini ya sufuria, penye vijikwaruzo. Ndani ya maikrowevu maji hupashwa yenyewe, kikombe kikabaki nyuma. Kikombe kikiwa laini sana na maji yakiwa hayana uchafu, povu halina pa kuanzia, na maji hupita nyuzi 100 bila hata kutikisika. Yanaonekana kama maji ya uvuguvugu. Ukitia kijiko, sukari, kahawa, au ukikigusa tu kikombe kwa nguvu, maji yote hupata pa kuanzia kwa wakati mmoja, yakalipuka kuelekea usoni na mikononi.

Kinga yake ni rahisi. Kabla ya kuwasha, tia ndani kijiti cha mti au kijiko cha mbao, povu lipate pa kuzaliwa. Usizidishe muda, kikombe kimoja kwa wastani ni dakika moja na nusu hadi mbili na nusu, kutegemea wati. Simamisha katikati, koroga. Ikilia kengele, hesabu nusu dakika kabla hujagusa, na ukitoa kikombe uso uwe mbali. Maji yaliyokwisha kuchemka mara moja yakapoa usiyarudishe, kwa sababu hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake imeshatoka na sasa ni rahisi zaidi kukufanyia hivyo. Mwenye birika atumie birika, hakuna aibu.

Maziwa ya mtoto mchanga je?

Usiyapashe humo. Joto halilingani: chupa ukiishika ni ya vuguvugu, kumbe katikati kuna maziwa yanayounguza koo. Maziwa ya mama, zaidi ya hatari hiyo, hupoteza baadhi ya kinga zake yakipata joto kali. Weka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto kwa dakika chache, tikisa taratibu, dondoshea tone ndani ya kifundo cha mkono wako.

Nyama niliyoiyeyusha imeiva pembeni na ndani bado ni barafu.

Barafu hunyonya mawimbi kidogo mno ukilinganisha na maji, kwa sababu molekuli zake zimefungwa mahali pamoja, haziwezi kugeukageuka. Sehemu ya kwanza kuyeyuka inageuka maji, inaanza kunyonya joto kuliko majirani zake, inazidi kupata moto na kuwaacha nyuma zaidi. Ni kama mbio ambazo aliyetangulia anaongezewa miguu.

Tumia kitufe cha kuyeyushia au asilimia 30. Ondoa trei ya povu na karatasi za dukani. Geuza kila baada ya dakika mbili tatu, tenganisha vipande vinavyoachana, vilivyoyeyuka vitoe vingojee nje. Nyama ikifika mahali ambapo kisu kinaingia huku ndani pakiwa bado pana ubaridi wa barafu, itoe. Kisha ipike wakati huohuo. Zile sehemu zilizopata vuguvugu ni mahali pazuri pa bakteria kuzaliana, kwa hiyo usiirudishe friji ikiwa mbichi.

Wali umelala nje usiku kucha. Nikiupasha sana si utakuwa salama?

Hapana, utupe. Kwenye mchele kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto la chumba mbegu hizo huamka, huzaliana na huacha sumu, na moja ya sumu hizo haiharibiki kwa joto la kupikia. Maikrowevu itakupa sumu ya moto.

Chakula kilichobaki kiingie friji ndani ya saa mbili, kikiwa kimegawanywa kwenye vyombo vifupi ili kipoe upesi. Friji iwe chini ya nyuzi 5. Kiliwe ndani ya siku tatu hadi nne, na pasha tu kile kiasi utakachokila.

Kuna moto ndani!

Usifungue mlango. Zima, na chomoa plagi au zima swichi ya ukutani kama unaifikia bila kujihatarisha. Mlango ukibaki umefungwa, moto hukosa hewa na hufa. Usipokufa, toa watu ndani ya nyumba na uwaite zimamoto. Baada ya hapo usiiwashe tena kabla haijakaguliwa.

Chanzo mara nyingi ni kitu kikavu kilichopewa dakika nyingi: mkate, karanga, mimea ya viungo, au mtu aliyetaka sekunde 20 akabonyeza dakika 20. Wakati kifaa kinafanya kazi, uwe karibu.

Niiweke wapi, na naweza kutumia ekstensheni?

Iweke mahali imara, na iache ipumue nyuma, juu na ubavuni kama kitabu chake kinavyosema. Matundu ya hewa yakizibwa na kitambaa cha urembo, magnetroni huchemka. Kuhusu ekstensheni, bora usitumie. Kifaa kinachovuta wati 1,200 na zaidi kinataka soketi yake ukutani, yenye waya wa ardhi. Kukitia kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na birika na pasi ni kutafuta moto wa nyuma ya kabati, usioonekana mpaka uwe mkubwa.

Ikiwaka tupu itaharibika?

Yaweza. Mawimbi yasipopata cha kuyanyonya hurudi kwenye magnetroni. Nyumba yenye watoto wanaopenda kubonyeza, acha kikombe cha maji ndani.

Ndani kumeganda mafuta na kunanuka. Nisafishe kwa kutumia nini?

Bakuli la maji lenye vipande vya ndimu au vijiko viwili vya siki, na kijiti cha mti ndani yake kwa sababu ile niliyoieleza. Washa dakika tatu hadi tano mpaka kioo kijae ukungu, kisha acha mlango umefungwa dakika tano nyingine. Uchafu utakuwa umelainika, futa kwa kitambaa. Sahani ya kioo ioshe ikishapoa. Usitumie steluli wala kisu, kwa kuwa rangi ya ndani ikichubuka chuma huanza kutu na cheche hufuata.

Usisahau kingo za mlango. Makombo yakijazana hapo, mlango haufungi sawasawa.

Kuna kikaratasi cha rangi ya kahawia ubavuni kimeungua. Nikitoe?

Hicho si karatasi wala si takataka. Ni kipande cha mika kinachofunika mlango wa mawimbi ili mvuke na mafuta visiingie kwenye magnetroni. Kikilowa mafuta hutoa cheche na kuungua. Kipya kinapatikana na hukatwa kwa mkasi kulingana na nafasi, ila mpaka ukipate usiitumie.

Kubadilisha mika ndiyo kazi pekee ambayo mtu wa nyumbani anaweza kuifanya, plagi ikiwa imechomolewa. Usifungue ganda la nje. Ndani kuna kapasita yenye volti elfu kadhaa, ambayo hubaki na chaji hata kifaa kikiwa kimechomolewa. Imewahi kuua watu, mafundi wakiwemo. Mpelekee fundi anayezijua maikrowevu hasa, si anayejua redio tu.

Nikiiwasha, intaneti inakatikakatika.

Waifai ya zamani hutumia masafa ya gigahezi 2.4, jirani kabisa na ya maikrowevu, na uvujaji mdogo unaoruhusiwa kisheria hutosha kuisumbua. Hamia gigahezi 5 au sogeza ruta. Si dalili ya hatari.

Nina kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Nikae mbali?

Vifaa vya kisasa vimekingwa, na maikrowevu isiyo na hitilafu haivisumbui kwa matumizi ya kawaida. Ila daktari wako ndiye anayejua aina uliyowekewa, kwa hiyo muulize.

Kwa nini mkate unakuwa kama ngozi, na nyama haipati ile rangi ya kukaanga?

Rangi na harufu ya kukaanga hutokea pale juu ya chakula panapokauka na kupita nyuzi 140 hivi. Humu ndani maji hushikilia joto karibu na 100, tena mvuke unalowesha juu. Ndiyo maana kikaango bado kina kazi: pasha kwa maikrowevu, malizia jikoni dakika mbili. Mkate uzungushie karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, sekunde 10 hadi 15 tu, ule hapohapo. Ukipoa ndiyo unakuwa ngozi. Na kukaanga kwa mafuta mengi usijaribu, kwa sababu huwezi kuliongoza joto la mafuta humo.

Bisi zangu ama zinaungua ama nusu hazipasuki.

Usiamini kitufe chenye picha ya bisi, amini masikio. Mlio ukianza kuachana kwa sekunde mbili kati ya punje na punje, zima. Zilizobaki zina maji kidogo mno ndani yake na hazitapasuka hata ungeongeza dakika. Zitakazoungua ni zile zilizokwisha iva. Fungua mfuko kuelekea upande usio na mtu, mvuke wake ni mkali.

Bisi na maikrowevu ni ndugu wa zamani. Husimuliwa kwamba mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani, alisimama karibu na magnetroni ya rada, akakuta chokoleti imeyeyuka mfukoni, na moja ya vitu alivyovijaribu baadaye ni punje za bisi. Maikrowevu za kwanza kuuzwa, mwaka 1947, zilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300. Ya kuweka juu ya meza nyumbani ilikuja mwaka 1967.

Naweza kukausha soksi humo?

Hapana. Zitakauka kwa mabaka, kama chokoleti, na baka lililotangulia kukauka litaanza kufuka moshi wakati vidole bado vimelowa.